Tulipotabiri Mwisho wa Hadithi

Somo: Yohana 9

Kwa miezi mitatu, kila Jumamosi alasiri baada ya mazoezi ya kwaya, tulikaa chini ya mwarobaini ulio nyuma ya kanisa tukisoma riwaya pamoja na wanafunzi wa sekondari wa usharika wetu. Watu wazima tulikuwa watatu: mchungaji, mwinjilisti, na mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambaye ni mzee wa kanisa. Wanafunzi walikuwa 17. Nakala za kitabu zilikuwa 5, na 2 kati ya hizo hazikuwa na jalada. Kalamu ya makala haya imeshikwa na mchungaji, lakini tunasema "sisi" kwa sababu kosa tutakalolisimulia tulilifanya pamoja, na wenzetu hawakutaka mmoja alibebe peke yake.

Kitabu chenyewe kilikuwa Takadini cha Ben J. Hanson, riwaya ambayo kwa miaka mingi imesomwa katika shule zetu kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne. Hatukukichagua kwa sababu ya mambo ya kiroho. Wazazi walilalamika kikaoni kwamba watoto wanafeli fasihi, na mwalimu wetu akasema wanafeli kwa sababu hawasomi vitabu, wanasoma uchambuzi. Ni kweli. Mwanafunzi ananunua kijitabu cha uchambuzi, au anatoa nakala ya daftari la aliyemtangulia mwaka jana, anakariri dhamira sita na migogoro minne, kisha anaingia kwenye chumba cha mtihani bila kuwahi kukutana na watu anaowaandika. Anajua kwamba Sekai "ana mapenzi ya dhati kwa mtoto wake". Hajawahi kutembea naye njiani.

Kwa wasiokijua kitabu, hadithi inatokea kwa Washona, huko Zimbabwe ya zamani. Sekai ni mke wa kwanza wa Makwati. Amekaa miaka mingi bila mtoto. Hatimaye anazaa, na mtoto ni sope. Hilo ndilo neno la kitabu kwa mtu mwenye ualbino. Desturi ya kijiji haimpi mtoto wa namna hiyo nafasi ya kuishi. Sekai anamchukua mwanawe na kutoroka. Wanapokewa katika kijiji kingine, wanakaa kwa mzee Chivero, mganga, na mtoto anakua. Anajifunza kupiga mbira. Anapendwa na msichana aitwaye Shingai, ambaye wakubwa wamekwisha kumpangia mume mwingine. Jina la kijana huyo, Takadini, kwa Kishona ni swali: tumefanya nini?

Mwalimu wetu aliweka kanuni mbili. Ya kwanza, asiyeshika kitabu asikilize, na anayekishika asikimbilie mbele. Ya pili, tukifika mahali penye taharuki kitabu kinafungwa, na kila mmoja anatabiri kitakachofuata. Lakini huruhusiwi kutabiri hewani. Lazima uonyeshe dalili ndani ya kitabu: mhusika huyu alisema nini, alitenda nini, mwandishi alidokeza wapi.

Tulidhani wangeona aibu. Tulikosea. Jumamosi ya pili tu walikuwa wanabishana hadi mama wa jirani akachungulia juu ya ua akidhani kuna ugomvi. Je, Makwati atamfuata mkewe, au atakaa na wake zake wengine na kujisahaulisha? Wavulana wengi walisema atamfuata. Wasichana walicheka. "Atamfuata kwa miguu gani, wakati hata kusimama mbele ya wazee alishindwa?" Je, Nhamo, yule aliyepangiwa kumwoa Shingai, ni mhusika bapa au mhusika duara? Mmoja alishikilia kwamba ni bapa, yaani amekuja vile na ataondoka vile. Mwenzake akamjibu kwamba hakuna binadamu bapa, ila kuna mwandishi aliyechoka. Mwalimu aliifurahia sana ile.

Na ni hapo, katika kutabiri, tulipoanza kusikia mambo ambayo hatukuyatarajia. Tulipofika kwa mzee Chivero kuwapokea Sekai na mtoto wake, kitabu kilifungwa, na binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono.

"Mimi natabiri huyu mzee atamuua mtoto."

"Dalili?" mwalimu akauliza.

"Ni mganga, Mwalimu. Mganga gani anamchukua sope nyumbani kwake bure?"

"Nimeuliza dalili iko wapi kitabuni."

Binti akafikiri. "Kitabuni haipo. Iko huku kwetu."

Hakuna aliyecheka. Wote tulijua anasema nini. Tangu mwaka 2006 na 2007 nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa, ilianza kusikia habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwaka 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitokwa machozi bungeni alipokuwa akizungumzia mauaji hayo. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 13 Juni iwe siku ya kimataifa ya kukuza uelewa kuhusu ualbino. Watoto waliokaa mbele yetu walikuwa wachanga miaka ile ya mwanzo, lakini habari zile wamezinyonya pamoja na maziwa. Kwa hiyo Chivero alipofungua mlango wake, wao waliona panga nyuma ya mlango.

Katika kundi lile alikuwamo mvulana mwenye ualbino.

Tumechelewa kumtaja, na msomaji atatusamehe, maana ndivyo ilivyokuwa hata pale chini ya mti. Alikuwapo tangu siku ya kwanza, na sisi tulikuwa hatujamtaja. Tulipochagua kitabu hatukumfikiria. Baadaye, tulipogundua kwamba tumeketi na kijana mwenye ualbino tukisoma hadithi ya kijana mwenye ualbino, tulitazamana sisi watatu, na kila mmoja akatumaini kwamba mwenzake atasema neno. Hatukusema. Tulifarijiwa na lile neno la kigeni, sope. Lilituwezesha kuzungumza saa nzima kana kwamba jambo lenyewe liko Zimbabwe.

Yapo mambo mengine tuliyoyaona baadaye. Mwarobaini ule kivuli chake huhama. Saa tisa kimeelekea ukuta wa kanisa, saa kumi na moja kimefika kwenye tangi la maji. Kila Jumamosi yule mvulana alianza akiwa ameketi katikati ya wenzake na kumaliza akiwa peke yake karibu na tangi, amekokota kiti chake kidogo kidogo kufuata kivuli. Sisi tulidhani ni mtu wa kujitenga. Tena alipofika zamu ya kusoma kwa sauti, tulimruka. Macho yake hayaoni vizuri. Hukisogeza kitabu hadi karibu na pua, na hilo huchukua muda. Tulimruka kwa huruma. Naye hakulalamika, na sisi tukachukua kule kutolalamika kwake kama shukrani.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Takadini na Shingai wameoana. Shingai ana mimba, na siku zake zimetimia. Kijiji kizima kinasubiri kuona mtoto atatoka wa namna gani. Zilibaki kurasa chache sana. Mwalimu akafunga kitabu, na mara hii hakutaka mikono. Aligawa vipande vya karatasi, akasema kila mmoja aandike utabiri wake kwa sentensi moja bila jina, akunje, na kuweka kwenye kikapu cha sadaka.

Kisha akavisoma kimoja kimoja. Karatasi 14 zilisema mtoto hatakuwa sope. Waliandika kwa namna zao: "Mungu atawafuta machozi", "Shingai atapata ushindi", "Mtoto atazaliwa mzima na maadui wataaibika". Karatasi 2 zilisema mtoto atakuwa sope, na moja kati ya hizo iliongeza kwamba kwa sababu hiyo hadithi itaisha kwa huzuni. Karatasi ya 17 ilikuwa na herufi kubwa, nene, za mtu anayeandika ili aweze kuisoma mwenyewe. Ilisema: "Shingai atamnyonyesha."

Wenzake wakacheka. "Huo si utabiri! Kila mama ananyonyesha!"

Sote tulijua ni karatasi ya nani. Mwalimu akainua mkono kuwatuliza, akataka kuendelea. Lakini yule mvulana, kutoka kule karibu na tangi, akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Akizaliwa sope, hadithi itakuwa imeisha vibaya?"

Wapendwa, tumesimama mimbarani miaka mingi. Tumezika watu, tumekaa na wafiwa, tumeulizwa na wagonjwa kama Mungu amewasahau. Hatujawahi kulikosa jibu kama siku ile. Si kwa sababu swali lilikuwa gumu. Jibu lake ni neno moja, "hapana", na mtoto wa Shule ya Jumapili angeweza kulitoa. Tulishindwa kulitamka kwa sababu karatasi 14 zilikuwa zimekwisha kujibu, na mioyoni mwetu sisi wakubwa zilikuwamo karatasi nyingine 3 zinazofanana nazo. Tulikuwa tumekisoma kitabu kabla. Tulijua kwamba mtoto anazaliwa bila ualbino. Na kila mmoja wetu, alipofika ukurasa ule kwa mara ya kwanza, alishusha pumzi na kusema moyoni, afadhali.

Mwalimu akasema muda umekwisha, tutamaliza wiki ijayo. Haukuwa umekwisha.

Jioni ile tulibaki sakristia, sisi watatu, na hakuna aliyetaka kuanza. Mwinjilisti ndiye aliyelisema. "Mnakumbuka shukrani ya mama yake?"

Tulikumbuka. Miaka mitatu kabla ya hapo mama wa kijana huyu alijifungua mtoto wa pili, msichana. Siku alipomleta kanisani kwa maombi ya shukrani, kama ilivyo desturi yetu, alipita mbele akiwa amembeba. Wazee wakafunua kitenge wakamtazama mtoto, wakaona rangi yake, na vigelegele vikapigwa kanisa zima. Mchungaji akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Aliomba kwa furaha ya kweli, na katika maombi yake alimshukuru Mungu kwa kuwa safari hii amekisikia kilio cha familia hii.

Safari hii.

Mvulana alikuwa ameketi benchi la pili kutoka mbele. Huketi hapo kila Jumapili, kwa sababu akikaa nyuma hawezi kusoma namba za nyimbo ubaoni.

Tulikwenda kwao Jumatatu. Tulimkuta mama anachambua mchele. Alitukaribisha kwa heshima, akaleta viti, akataka kuchemsha chai. Tukamwomba akae kwanza. Tukamweleza yaliyotokea Jumamosi, halafu tukamweleza kuhusu yale maombi, na tukamwomba msamaha. Alikaa kimya muda mrefu, akiendelea kuzungusha ungo mikononi bila kuutazama.

"Wachungaji wangu," akasema, "siku ile mliposema safari hii, mimi nilisema amina. Nilisema kwa sauti."

Akatuambia kwamba mwanawe alizaliwa katika miaka ileile ya mauaji. Miaka miwili alilala naye chumba cha ndani kisicho na dirisha, mlango umewekewa kinu. Watu walimuuliza alifanya nini. Mama mkwe alimuuliza alifanya nini. Naye usiku alijiuliza mwenyewe: tumefanya nini? Hakuwa amewahi kukisikia kitabu cha Takadini.

Mtoto alipoingia kutoka shuleni alitusalimu, "Shikamooni," akataka kupita ndani. Mchungaji akamsimamisha, akasema naye kama mtu anavyosema na mkubwa mwenzake. Kwamba tulikosea katika maombi yale. Kwamba maombi yale yalisema juu yake jambo ambalo si kweli, tena mbele ya madhabahu, tena kwa jina la Mungu.

"Nakumbuka," akasema. "Mlisema safari hii."

Alitazama chini, akachezea kofia yake. Kisha akasema, "Sawa, Mchungaji. Ila Jumamosi msiniruke tena kusoma."

Katikati ya juma tulimwomba mwalimu wa biolojia, mshirika wa usharika wetu, aje atufundishe kwanza sisi watatu. Mengi tuliyadhani tunayajua, na hatukuyajua. Ualbino hurithiwa. Mtoto huupata anapopokea chembe ya urithi yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Aliyepokea moja tu haonekani kuwa na ualbino, ila anaibeba chembe ile na anaweza kuipitisha kwa watoto wake bila mtu kujua. Wazazi wawili wanaoibeba, katika kila mimba, uwezekano wa kupata mtoto mwenye ualbino ni 1 kati ya 4, haidhuru wamefunga na kuomba au hawakufunga. Kwa hapa Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino. Wanaoibeba ile chembe kimyakimya ni wengi zaidi kuliko hao. Wengine wetu tunaimba nao kwaya. Wengine huenda ndio sisi.

Maana yake ni kwamba yule binti mdogo tuliyemshangilia hakuwa jibu la maombi zaidi ya kaka yake. Na kaka yake hakuwa ombi lililokataliwa.

Mwalimu wa biolojia alitueleza na jambo jingine, ambalo hatujaacha kulitafakari. Mtoto wa Takadini, alisema, ingawa si sope, lazima ameipokea ile chembe kutoka kwa baba yake, maana baba hana nyingine ya kumpa. Kijiji kinamtazama na kupumua, na ndani yake amebeba kilekile walichokiogopa. Tunamheshimu mwandishi kwa mwisho alioutoa. Aliwaonyesha wasomaji wake kwamba mwenye ualbino anaweza kuoa na kuzaa, na kwamba hofu za kijiji hazikuwa na msingi. Kosa halikuwa katika kitabu chake. Lilikuwa katika pumzi tuliyoishusha sisi.

Tukarudi kwenye Yohana 9, sura ambayo tumeihubiri mara nyingi. Wanafunzi wa Yesu wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na papo hapo wanataka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Ni jina la Takadini lililowekwa kinywani mwa mitume. Yesu anakataa njia zote mbili. Hapo sisi wahubiri huwa tunapiga mbio kufika kwenye tope, birika la Siloamu na macho yaliyofunguka, tunasema haleluya na kukaa chini. Tunahubiri kama watu walioandika karatasi 14: mwisho mwema ni mwili kubadilika.

Lakini sura ile ina aya 41, na macho yanafunguka katika aya ya 7. Yaliyobaki yote yanatokea baada ya muujiza, nayo si mema. Majirani wanabishana kama ni yeye. Wazazi wanahojiwa, wanaogopa, wanajitenga na mwana wao: ni mtu mzima, mwulizeni mwenyewe. Wakuu wanamrudishia lile swali la kwanza, wanamwambia alizaliwa katika dhambi, kisha wanamfukuza. Kumbe kuona hakukummalizia hadithi yake. Ndipo katika aya ya 35 Yesu anasikia kwamba mtu yule amefukuzwa, anamtafuta na kumpata. Kwa miaka yote tuliyohubiri tulikuwa tumetabiri mwisho usio wake. Mwisho wa mtu yule ni kutafutwa na kupatikana na Bwana, na hilo lingewezekana hata kama macho yake yangebaki yamefumba.

Luther aliliweka wazi jambo hili huko Heidelberg mwaka 1518, alipotofautisha mwanateolojia wa utukufu na yule wa msalaba. Wa utukufu hutazama vinavyong'aa na kusema, hapa ndipo Mungu alipo. Wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake halisi. Wachungaji tulilisoma hilo chuoni, tukalijibia mtihani na kulifaulu. Halafu tukasimama mbele ya kanisa tukamshukuru Mungu kwa rangi ya mtoto.

Tena kila mtoto wa kipaimara hapa kwetu hukariri katika Katekisimu Ndogo maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani, kwamba Mungu ndiye aliyemwumba yeye, mwili na roho, macho na masikio na viungo vyote. Mvulana huyu aliyakariri mbele yetu, herufi kwa herufi, bila kukosea. Macho yale yale yasiyoona ubaoni aliyataja kuwa kazi ya Mungu. Sisi tulimpa alama zote. Hatukumsikia.

Jumamosi iliyofuata hatukurudi moja kwa moja kwenye kitabu. Mchungaji alisimama akawaambia wanafunzi kwamba lile swali liliulizwa na watu wazima wakakimbia, na kwamba jibu ni hapana. Asingeisha vibaya. Akawaeleza pia kuhusu maombi ya miaka mitatu iliyopita, kwa ruhusa ya kijana na ya mama yake. Mwalimu wa biolojia akachora baba, mama na watoto wanne kwenye ubao. Maswali yalikuwa mengi. Binti yule aliyetabiri kwamba Chivero ataua akauliza kwa sauti ndogo kama mtu anaweza kuomba msamaha kwa utabiri. Mwalimu wetu akamwambia utabiri wake haukuwa dhambi. Alisoma dalili alizopewa na nchi yake, na kazi yetu sote ni kumpa dalili nyingine.

Kisha tukafungua kitabu. Mwalimu alikuwa amepeleka zile kurasa za mwisho steshenari zikakuzwa, na yule mvulana akazisoma zote. Alisoma polepole. Palipo na neno gumu alilisogeza karibu, akalitazama, akaendelea. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyenong'ona. Alipofika mahali mtoto anapozaliwa, na wanamtazama, na si sope, tulijikuta hatutazami kitabu wala hatumtazami yeye. Tulisubiri tu amalize sentensi.

Alipomaliza akazikunja karatasi zake. Yule binti akasema, "Hata angekuwa sope, hadithi ingeendelea tu."

"Ingeendelea," akasema mvulana. "Angenyonya, akalala."

Safari hii walicheka pamoja naye.

Ndugu msomaji, huenda katika usharika wako hakuna darasa la riwaya. Lakini kila usharika unatabiri. Tunamwona msichana aliyepata mimba akiwa shuleni, tunafunga kitabu na kusema tunajua utakavyoisha. Tunamwona mama asiye na mtoto na tunamwombea kana kwamba hadithi yake haijaanza. Tunamwona kijana aliyetoka jela, mzee aliyepatwa na kiharusi, mtoto asiyesikia, na maombi yetu yanawaambia waziwazi tunachodhani kuhusu kurasa zao. Wao wameketi benchi la pili. Wanatusikia. Kuomba uponyaji si kosa, na tutaendelea kuuomba, kama Bwana wetu alivyoagiza. Kosa ni kumwambia Mungu kwamba asipoandika mwisho tunaoutaka sisi, basi hadithi imeharibika. Yeye alipomfufua Mwana wake alimrudisha na makovu mikononi na ubavuni, na kwa makovu hayo wanafunzi wakamtambua.

Katika usharika wetu tumebadilisha jambo moja dogo. Mama akija mbele na mtoto mchanga, hatufunui kitenge. Mchungaji anauliza kwanza jina. Akishaambiwa jina, anamshukuru Mungu kwa mtoto huyo kwa jina lake, kisha ndipo mama anamfunua mwenyewe akitaka.

Darasa linaendelea, sasa tunasoma kitabu kingine, na wanabishana vilevile. Kivuli cha mwarobaini bado kinahama. Jumamosi iliyopita, ilipokaribia saa kumi, mhusika mmoja alikuwa amesimama mlangoni na barua mkononi, na nusu ya darasa wanaapa ataichoma. Katikati ya ubishi ule vijana wawili walisimama, wakashika ncha mbili za benchi refu, wakalisogeza kuelekea kwenye tangi la maji. Wenzao wakabeba viti vyao na kufuata. Hakuna aliyekuwa amewaagiza, na ubishi haukukatika.